Kiondo Hakisukwi kwa Siku Moja: Tenga Wakati wa Sanaa Yako Leo

Kama umewahi kusema, "Nitachora nikipata nafasi," makala haya ni yako. Nafasi hiyo haiji. Haikuja mwaka jana, haitakuja baada ya mavuno, wala haitakuja watoto wakimaliza shule. Karo ya muhula huu ikilipwa, ya muhula ujao inabisha hodi. Shamba likipaliliwa, zizi linataka kukarabatiwa. Anayengoja siku isiyo na shughuli ndipo ashike kalamu, udongo au uzi, atazeeka na hamu ileile aliyokuwa nayo ujanani, na mikono mitupu.

Ushahidi wa jambo hili hauko mbali. Siku ya soko, iwe ni Wote au Mwingi, Kibwezi au Mutomo, huenda ukakutana na mama wa makamo aliyekumbatia kiondo ambacho hakijaisha, nyuzi zinaning'inia, vidole vinakwenda huku miguu nayo ikienda. Mama huyo ameamka kabla ya jogoo, ameteka maji, amefungulia mbuzi, na jioni jiko linamngoja. Hakuzidi kwa wakati hata dakika moja. Anakuzidi kwa uamuzi tu: sanaa yake huondoka nyumbani pamoja naye. Nani basi katika Kitui na Makueni atasimama mbele yake aseme hana wakati?

Hilo ndilo ninalotaka ukubaliane nami. Wakati wa sanaa haugawiwi bure. Hukatwa kutoka katika siku hiihii yenye kelele, kipande kidogo leo, kipande kingine kesho, mpaka mkono uzoee na moyo udai haki yake.

Waliotutangulia hawakungoja

Kabla ya mkonge kufika nchi hizi, wasukaji wa Ukambani walitoa nyuzi kwenye gome la mbuyu na kwenye vichaka vya porini. Waliloweka, wakalainisha, wakasokota uzi juu ya paja. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, wa asili ya Mexico, ili ipandwe Tanganyika. Iliyofika ikiwa hai ni 62. Kutoka mwanzo huo mdogo mkonge ulienea Afrika Mashariki, ukawa ua wa mashamba huku kwetu, na Kibwezi ukapata shamba kubwa la kibiashara. Mama wa Kikamba aliuangalia mmea huu mgeni, akaona uzi ndani yake, akaendelea kusuka. Baadaye ilipokuja sufu, alifumua sweta kuukuu akaingiza rangi zake kwenye kiondo. Malighafi ilibadilika mara kadhaa, mkono haukusimama.

Chukua mfano wa pili. Ukitoka Machakos kuelekea Kitui unapita Wamunyu. Hapo ndipo nyumbani kwa Mutisya wa Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawaona wachongaji wa huko wakifanya kazi, akajifunza kwao. Vita vilipokwisha alirudi kwao akaendelea kuchonga, na waliomzunguka wakajifunza kwake. Kabla ya karne kufika nusu, uchongaji ulikuwa umeenea katika familia nyingi za Ukambani, na baadaye maelfu ya wachongaji walikuwa na karakana zao hadi Nairobi na Changamwe, Mombasa. Wengi wao walikuwa wakulima. Walichonga mvua ikikawia, walichonga mavuno yakishaingia ghalani, walichonga chini ya mti wakizungumza na wageni. Bandu bandu huisha gogo, na wao hawakuisema methali hiyo kwa mdomo tu.

Tunapenda kudhani kuwa sanaa ni tunda la starehe, kwamba kwanza mtu ashibe, apumzike, ajenge chumba chenye dirisha kubwa, kisha aanze. Historia ya Ukambani inakanusha dhana hiyo. Hapa sanaa ilitoka kwenye ukame, kwenye safari ndefu za kutafuta maji, kwenye mikono yenye sugu. Wewe ni mrithi wa watu hao.

Visingizio vinne, na majibu yake

Cha kwanza: "Nitaupata wapi huo muda?" Utaupata pale unapoumwaga. Muthokoi hauivi kwa dakika kumi, na mwenye kuupika anajua atakaa karibu na moto huo kwa muda mrefu. Mwendeshaji wa boda boda hungoja abiria stejini. Mwenye duka la M-Pesa ana saa za mchana ambazo hakuna mteja. Mwalimu ana kipindi kisicho na darasa. Anayepanda treni ya SGR kati ya Emali na Mtito Andei ana dirisha linalompitishia mibuyu bure, na karibu abiria wote wameinamia simu. Saa hizo zipo tayari. Zinachokosa ni daftari mfukoni.

Cha pili: "Sina vifaa." Sikiliza hili vizuri. Rangi za maji zinazouzwa kwa bei ghali mijini hushikanishwa na gundi ya mgunga, mti wa nyika kavu kama hizi zetu. Mapishi ya kale ya rangi hizo huongeza asali kidogo, ili rangi isikauke ikapasuka. Gundi ya mgunga, asali na udongo: ni nani asiyejua kwamba Kitui ina vyote vitatu? Chukua udongo mwekundu, uponde, uuchekeche kwa kitambaa, uchanganye na maji yaliyoyeyusha gundi, utie tone la asali. Umepata rangi. Udongo wa manjano utakupa rangi nyingine, majivu nyingine, mkaa uliosagwa utakupa nyeusi. Tafuna ncha ya kijiti cha mswaki mpaka nyuzi zitoke, una brashi. Geuza kalenda ya mwaka uliopita, upande wa nyuma ni karatasi nzuri nene. Na ukikosa hivyo vyote, kipande cha mkaa chini ya jiko kinatosha kuchora mti.

Cha tatu: "Sina kipaji." Mtazame mnana anayejenga kwenye matawi ya mgunga juu ya mto wa mchanga. Dume husuka kiota kwa majani mabichi. Jike huja, hukagua, na mara nyingi hukataa. Kiota kikikosa wa kukikubali mpaka kikanyauka, dume hukibomoa na kuanza kingine mahali palepale. Haiti kikao kujadili kama ana kipaji. Hata kiondo cha kwanza cha msichana huenda upande, kitako kikavimba, mistari ikakosana, na bibi yake hukitumia kubebea maharagwe bila aibu yoyote. Cha pili huwa bora, na cha kumi hupata mnunuzi. Ustadi ni hesabu ya marudio.

Cha nne: "Nimechoka." Hili lina uzito, kwa sababu watu wetu huchoka kweli. Lakini pima vizuri ni uchovu gani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kuchora, kufinyanga na kubandika. Karibu robo tatu yao walipungukiwa na kotisoli, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo, na waliowahi kufanya sanaa hawakuwazidi wageni. Ni utafiti wa watu wachache, lakini unalingana na jambo ambalo wasukaji wamelijua siku nyingi: kuna kazi inayomaliza nguvu, na kuna kazi inayozirudisha. Saa moja ya kupekua simu kitandani hukuacha mchovu zaidi. Dakika ishirini za kutazama umbo la jani na kulifuata kwa kalamu hukuacha na utulivu wa kulala.

"Mimi tayari nimechelewa"

Wengine hawana kisingizio cha vifaa wala muda. Wanaona haya kwa sababu ya umri. Kwao namtaja Rosemary Karuga. Alizaliwa mwaka 1928, akasoma sanaa katika Chuo cha Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, akiwa mwanamke wa kwanza katika shule hiyo ya sanaa. Kisha maisha yakamchukua, kama yanavyotuchukua sote. Alifundisha shule, akalea watoto, akalima. Miongo ikapita. Mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa amekwisha kustaafu, alirudi kwenye sanaa kwa dhati. Hakuwa na pesa za rangi, basi akakata karatasi za pakiti za unga na za sabuni ya Rexona, akazibandika moja moja mpaka zikawa watu wa kijijini, ndege na wanyama. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika Studio Museum ya Harlem, New York. Alifariki mwaka 2021, na leo hakuna anayeandika historia ya sanaa ya Kenya akamruka.

Karatasi za unga, ndugu msomaji. Zile tunazowashia moto.

Nyika ina ratiba yake, ifuate

Anayeishi Kitui au Makueni ana mwalimu mkali na mkarimu mlangoni pake. Nchi hii hubadilika ghafla kuliko nchi za mvua nyingi, na kila msimu huleta somo lake.

Wakati wa kiangazi, kuanzia Julai hadi Oktoba, miti mingi huvua majani na kuonyesha mifupa. Huo ndio msimu wa kujifunza mistari. Chora mgunga ulio mtupu: jinsi tawi linavyotoka kwenye shina, jinsi miiba inavyokaa miwili miwili. Chora mbuyu, ambao hukaa bila majani sehemu kubwa ya mwaka, ukazingatia mikunjo ya gome lake. Katika ukavu huohuo utaona waridi la jangwani likichanua maua ya waridi kwenye shina lisilo na jani hata moja. Ukilipita bila kulitazama, lawama si ya kiangazi.

Mvua zikikaribia, mbuyu hutoa maua makubwa meupe yanayofunguka jioni, popo wakayatembelea usiku, na kesho yake yakaanza kunyauka. Hayachorwi na mtu anayesema "wiki ijayo". Novemba mvua za vuli zikishuka, ambazo kwetu ndizo tegemeo la wakulima kuliko zile za Machi na Aprili, nyika hugeuka kijani kwa siku chache. Hapo ndipo utajifunza kwamba kijani si rangi moja: jani la mbaazi si la mkwaju, wala la mkwaju si la mwembe. Mito ya mchanga kama Tiva na Thua hufurika, kisha ikiacha kutiririka huacha mchanga ukiwa na michoro mipya isiyotengenezwa na mtu. Kuanzia Desemba maembe ya Makueni huiva, na katika ngozi ya embe moja mna kijani, manjano na wekundu vinavyoingiana bila mpaka. Mchoraji mwenye rangi za udongo atahangaika siku nyingi na embe hilo, na mahangaiko hayo yatamfundisha.

Wanaopenda mandhari pana nao wana pa kuanzia. Uwanda wa Yatta, lava iliyoganda kwa urefu wa takriban kilomita 300, hukata upeo wa macho kama mstari uliopigwa kwa rula. Hata anayeanza leo anaweza kuuchora. Jiwe la Nzambani, karibu na mji wa Kitui, lenye simulizi kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia, lina uso mmoja asubuhi na mwingine jua linapotua. Vilima vya Chyulu, vilivyozaliwa na volkano, vinamgawia anayekaa Kibwezi au Makindu safu ya vifundo vya samawati kila alfajiri. Watalii hulipa kuvifikia. Wewe unavipa mgongo ukienda kazini.

Neno moja la tahadhari. Kutumia vitu vya asili si ruhusa ya kuviharibu. Mbuyu una uwezo wa kuotesha gome upya, lakini usiumenye kuzunguka shina lote. Okota magamba, mbegu na matawi yaliyoanguka. Wachongaji wetu walijifunza kwa uchungu: mihugu na mipingo ilipoadimika, wengi walilazimika kuhamia miti ya kupandwa kama mwarobaini na mwembe. Sanaa inayoipenda nchi huiacha ikiwa hai.

Na pesa je?

Swali hili litaulizwa, tena na wa nyumbani. Tusijidanganye: kwa wasukaji wengi wa Kitui na Makueni, kiondo ni karo, ni unga, ni bati la paa. Vikundi vya wanawake vinauza vikapu vyao hadi Ulaya na Marekani, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini soko lina misimu yake. Kiondo kilivuma sana ng'ambo katika miaka ya 1970 na 1980, kisha bei zikayumba na kazi za kuigiza zikaingia. Waliobaki imara ni wale ambao mkono wao haukutegemea sifa za mwaka mmoja.

Kwa hiyo wewe unayeanza, jipe msimu mzima bila kumuuzia mtu. Usipige picha ya kila mchoro kuiweka mtandaoni ukihesabu waliopenda. Acha mkono ukosee faraghani. Ukifika wakati wa kuuza, utauza kitu chenye uzito, na ukikosa mnunuzi utakuwa umebaki na jicho linaloona. Jicho hilo halikopeshwi na benki yoyote.

Fanya mwethya wa sanaa

Wakamba hawakulima mashamba makubwa wala kuchimba mitaro peke yao. Walikuwa na mwethya: majirani hukusanyika, kazi ya huyu leo, ya yule kesho. Ndivyo hata mabwawa ya mchanga yaliyookoa vijiji vingi vya Makueni na Kitui yalivyojengwa, jiwe kwa jiwe. Sanaa nayo inaweza kubebwa hivyo. Tafuta watu watatu au wanne: jirani anayesuka, mwalimu anayependa kuchora, kijana anayefinyanga vinyago vya matope na kuona haya kuvionyesha. Mkutane siku moja kwa wiki chini ya mti uleule. Chama chenu cha fedha hakikosi mikutano kwa sababu kuna faini. Basi wekeni faini hapa pia: asiyekuja anachangia chai.

Wazazi wana njia fupi zaidi. Mtaala wa umilisi huwarudisha watoto nyumbani na kazi za kuchora, kubandika na kusuka, na kila jioni husikika malalamiko ya kutafuta vifaa. Badala ya kuifanya kazi ya mtoto kwa hasira ili alale, kaa naye mezani, yeye afanye yake na wewe yako. Atajifunza kwamba sanaa ni jambo la watu wazima wenye akili timamu, na wewe utakuwa umepata saa uliyodhani huna.

Anza hivi, juma hili

Chagua mti mmoja tu, ule unaouona kila siku. Utakuwa mwalimu wako mpaka msimu ugeuke. Fungamanisha kazi yako na jambo ambalo tayari hulikosi: mara tu baada ya kufungulia mbuzi, au muthokoi ukishakaa motoni, au kabla ya taarifa ya habari ya saa moja. Jipe dakika ishirini, si zaidi, ili usipate sababu ya kukimbia. Andika tarehe kwenye kila ukurasa. Beba daftari au uzi wako popote uendapo, maana kifaa kilichofungiwa kabatini hakina faida. Na siku ukikosa, kwa sababu utakosa, usijilaumu wala usijaribu kulipa deni la jana. Endelea na leo.

Baada ya msimu mmoja panga kurasa zako kwa tarehe, ya kwanza mpaka ya mwisho. Utauona mti ukibadilika, na utauona mkono wako ukibadilika pia. Hapo hutahitaji makala ya kukuhamasisha tena.

Mwalimu wa Kyuso, muuguzi wa Makindu, fundi wa mjini Kitui, mkulima wa Mbooni, kijana unayetafuta kazi Emali: hakuna atakayekuja kukupa ruhusa, na hakuna afisi inayotoa kibali cha kuchora. Nenda ukatafute kipande cha mkaa na karatasi sasa hivi, uchore jambo moja lililo mbele yako kabla hujalala. Kesho rudia.